Mnunuzi wa Nyumba za Mnada

Faili la Masila Kiema lililetwa mezani kwa Inspekta Kasiva ili alifunge. Ndani mlikuwa na karatasi nne tu: ripoti ya polisi wa zamu, mchoro wa jengo, barua ya mochari na maelezo ya mpangaji mmoja. Mzee wa miaka sitini na mmoja, mwenye nyumba, alianguka kutoka juu ya ploti yake, jengo la kupangisha mtaani Katoloni, Jumamosi asubuhi. Ajali. Kilichobaki ni mkubwa mmoja kuandika jina lake chini ya neno hilo, na mkubwa huyo alikuwa yeye.

Alikuwa ameshafungua kalamu alipomwaga mezani bahasha ya vitu vya marehemu. Simu iliyopasuka kioo. Funguo kumi na saba kwenye waya mmoja. Leso. Miwani iliyopinda mkono. Mhudumu wa mochari alikuwa ameandika kando ya miwani: "Iliondolewa usoni."

Kasiva aliivaa. Herufi za ripoti zikafura. Alipoinua macho, mlango wa ofisi ulikuwa ukungu mtupu. Akaivua, akafunga kalamu, akamwita Koplo Muindi.

"Twende Katoloni."

"Si hiyo iliisha, afande?"

"Bado."

Muindi alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Alichukua kofia yake. Kasiva mwenyewe hakuwa na hamu. Tangu Januari alikuwa ameandika vifo kumi na moja, na siku hizi alipoingia kwenye nyumba ya msiba alitazama kwanza milango na madirisha, ndipo watu.

Ploti ile ilikuwa jengo la ghorofa tatu, vyumba kumi na vinane, rangi mpya ya maziwa. Miezi minane iliyopita benki iliiuza kwa mnada baada ya mwenyewe kushindwa kulipa mkopo, na Masila akainunua. Ilikuwa ya tatu kwake. Ndivyo alivyopanda: miaka sita mfululizo alihudhuria minada, akanunua nyumba zilizowashinda wenzake, akazitia maji na taa, na wapangaji wakakaa. Mjini wako waliosema anakula machozi ya watu. Wapangaji wake hawakusema hivyo. Walisema ukimwambia bomba limepasuka leo, kesho fundi yuko mlangoni.

Juu ya paa la zege kulikuwa na matangi matatu meusi, mabomba, na koki kubwa ya chuma. Ukuta wa kuzuia mtu ulijengwa pande tatu. Upande wa nyuma haukuwa na kitu.

"Hapa ndipo alipoenda chini," Muindi alisema. "Yule wa kwanza aliishiwa pesa kabla ya kumaliza ukuta. Masila alikuwa ameita fundi aje wiki hii."

Kasiva alimpa ile miwani. "Vaa. Tembea mpaka pale ukingoni."

Muindi aliivaa, akapiga hatua mbili, akanyoosha mkono kutafuta tangi. "Siwezi. Naona kama sakafu inapanda."

"Ni ya kusomea. Mtu hatembei nayo. Anasimama, anavaa, anasoma, anavua."

"Kwa hivyo alikuwa anasoma."

"Huku juu kuna nini cha kusoma?"

Walitazama. Mita ya maji ilikuwa chini, karibu na geti. Matangi hayakuwa na maandishi ila jina la kiwanda, tena kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani. Walitafuta karatasi nyuma ya matangi, kwenye mfereji wa mvua, na chini alikoangukia. Hapakuwa na karatasi. Mfukoni mwake pia, kwa ripoti ya zamu, hapakuwa na karatasi.

"Alikuwa anamsomea mtu," Kasiva alisema. "Huyo mtu akaondoka nayo."

Ann, mpangaji wa chumba cha juu, ndiye aliyeuona mwili. Alikuwa mlangoni pake akikunja nguo, na hakuacha kukunja alipokuwa akiongea.

"Nilikuwa nafua. Saa moja na robo maji ikapotea. Karai ilikuwa nusu."

"Ilipungua pole pole, ama ilikatika?"

"Ilikatika mara moja. Nikampigia landilodi. Akasema yuko njiani anakuja, ataangalia. Nikamsikia akipanda ngazi karibu saa mbili kasorobo."

"Peke yake?"

"Nilisikia miguu yake. Mwingine kama alikuwa, alikuwa ameshapanda."

"Ulisikia nini tena?"

"Sauti ya mtu anaongea, kama anahubiri pole pole. Mimi nilidhani ni simu." Ann alilaza shati juu ya shati. "Halafu kikaanguka kitu nyuma. Nikatoka."

Kasiva alirudi kwenye koki, Ann nyuma yake. Haikuwa na mkono wa kuzungushia. Kilichobaki ni kichwa cha chuma chenye alama mbichi za spana. Polisi wa zamu aliikuta imefungwa, akaandika tu kwamba ilikuwa imefungwa. Matangi yalikuwa yamejaa. Kwa hiyo maji hayakuisha. Mtu aliyafunga, na aliyefunga alijua kwamba maji yakikatika Masila atapanda mwenyewe.

"Spana kubwa ya hapa huwekwa wapi?"

"Kwa Baba Linet, chumba namba moja," Ann alijibu. "Yeye ndiye anaangalia ploti. Hiyo spana hawezi kumpa mtu. Iliibwa mara moja, sasa anafungia ndani."

Baba Linet aliitwa Kimeu. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye shingo iliyolegea. Muindi alikuwa ameshamweleza Kasiva habari zake ngazini: ndiye aliyeijenga ploti hii, ndiye aliyepigiwa mnada. Masila alipokuja na karatasi za benki, hakumfukuza. Alimwachia chumba namba moja, chini karibu na geti, akamwandika kazi ya kuangalia ploti. Kimeu akawa anafagia uwanja aliokuwa akiumiliki na kufungua geti alilonunua mwenyewe.

Habari za koki zilipoenea, kila mtu pale Katoloni alikuwa na hakika ni yeye. Muindi pia.

"Jumamosi ulikuwa wapi, Baba Linet?"

"Kangundo, kwa ndugu yangu. Nilitoka hapa saa kumi na mbili asubuhi."

"Na mama?"

"Alienda soko saa kumi na moja. Kila siku huenda saa hiyo."

"Ulikuwa na shida na Masila?"

Kimeu alifikiri kabla ya kujibu. "Hapana. Alinipa kazi. Alinipa mahali pa kulala. Sikuwa na neno na yeye."

Hakupandisha sauti wala hakukwepa macho. Kasiva alimwamini kwenye jambo hilo, na hilo likamsumbua. Mtu aliyepokonywa jengo la vyumba kumi na vinane anatazamiwa awe na neno.

Nje ya geti Muindi alipiga simu Kangundo. Ndugu alisema Kimeu alifika saa nne, akanywa chai, akakaa kimya mpaka jioni.

"Saa kumi na mbili mpaka saa nne," Muindi alisema. "Kangundo ni mwendo wa saa moja hivi. Tumchukue?"

"Tumchukue tukamuulize nini? Atasema alingoja gari lijae. Sijui alifuata nini huko juu. Nikijua karatasi, nitajua."

Nyumba ya Masila ilikuwa Mumbuni, ya mawe, bila ghorofa. Mjane wake, Mutindi, mwalimu mstaafu, alikuwa kwenye kiti cha plastiki barazani, na wanawake wa kanisani wakisogeza sufuria nyuma yake. Kasiva alimpa pole. Mutindi aliipokea kama risiti ya duka.

"Hii ndiyo miwani yake?"

"Ndiyo. Ya kusoma. Akisahau kuivua hugonga meza."

Kasiva aliomba kuona mahali marehemu alipoweka karatasi zake. Palikuwa na kabati moja na kitabu kikubwa cha jalada gumu. Kila nyumba aliyoinunua ilikuwa na kurasa zake. Kabla ya kila mnada alikuwa amekwenda kukaa na wapangaji, akaandika kinachovuja, kinachonuka, nani mgonjwa, nani hulipa kwa taabu lakini hulipa. Juu ya kila ukurasa wa kwanza aliandika swali lile lile, "Huyu wa kwanza alishindwa na nini?", na chini yake jibu. Ploti ya kwanza: "Kesi za ndugu." Ya pili: "Pombe." Ya Katoloni: "Alikopa kujenga, akakopa kulipa."

Ukurasa wa mwisho wa Katoloni, tarehe ya Ijumaa, ulikuwa na mstari mmoja. "Mama hajui. Aelezwe Jumamosi."

Kasiva alimpelekea mjane kitabu barazani. Hakukuwa na namna ya kulisema vizuri.

"Mwalimu, kuna kitu mume wako alikuwa anakuficha?"

Mutindi alisoma ule mstari. Akausoma tena.

"Kama ni mwanamke," alisema, "mwambie asikuje kwa mazishi."

Muindi alitazama viatu vyake. Mwanamke mmoja wa kanisani alisimama na kijiko mkononi. Kasiva akaanza kupanga upya mambo kichwani: mwanamke wa pembeni, mtoto labda, barua ya kusomwa mahali pasipo na watu. Ilikaa vizuri. Ilieleza paa, ilieleza karatasi.

Halafu Mutindi akafunga kitabu, akakirudisha.

"Lakini huyo si mimi. Masila aliniita Mwalimu, miaka thelathini na mbili. Hatukupata mtoto, afande. Mimi hakuna mtu huniita Mama."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesahihisha tarehe ubaoni. Kasiva alimshukuru. Garini alikaa kidogo kabla ya kumwambia Muindi awashe injini.

"Nani ni Mama kwa ukurasa wa Katoloni?" aliuliza.

"Wapangaji wengi ni kina mama."

"Karatasi zake za nyumba zilishughulikiwa wapi?"

Wakili wa Masila hakuwepo ofisini, lakini karani wake, Carol, alikuwepo, na alikuwa mtu wa kukumbuka. Alitoa faili la Katoloni kabla hajaombwa mara ya pili. Nyumba ilikuwa imenunuliwa kihalali, alieleza, ila jina halijabadilishwa. Mke wa mwenye nyumba wa kwanza alikuwa amepeleka kwenye ofisi ya ardhi zuio la kubadilisha jina, akisema yeye hakuambiwa habari za mkopo wowote.

"Kalondu Kimeu," Kasiva alisoma. "Mama Linet."

"Huyo. Sasa benki haiwezi kuchukua nyumba ya familia kama mke hajakubali kwa maandishi. Kwa hivyo mzee Masila akatuma tuombe benki nakala ya hayo makubaliano. Ilifika Ijumaa. Alitaka kumwonyesha yule mama: si uliweka sahihi wewe mwenyewe, ondoa zuio, yaishe."

"Alipoiona alisema nini?"

Carol alisita. "Alivaa miwani akaisoma hapo ulipo. Akakaa. Kisha akasema, 'Huyu mama anatia sahihi risiti zangu za mshahara wa mumewe kila mwezi. Huu si mkono wake.'"

"Wakili alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alimwambia aiache. Alimwambia hiyo karatasi ikitoka, kesi inaweza kukaa miaka, na pesa yake iko ndani. Mzee akasema, 'Nikiificha, mimi na aliyeiandika tuko sawa.' Akaomba nakala moja ya kubeba."

"Halafu?"

"Akapiga simu akiwa anatoka. Sikujua ni nani. Alisema tu, 'Mwambie wewe mwenyewe leo. Usipomwambia, kesho nitakuja nimsomee.'"

Kasiva alikuwa na karatasi sasa, na alijua ilisomwa kwa nani. Aliomba nakala nyingine, akaitia kwenye bahasha.

Walifika Katoloni saa kumi na moja jioni. Kalondu alikuwa ametoka soko muda huo huo, ameweka chini gunia la kabeji tatu zilizobaki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa na leso iliyofungwa kwa nguvu kichwani. Kimeu alikuwa kwenye stuli kando ya jiko la makaa. Aliinuka, akampisha Kasiva kitini, akaenda kukaa kitandani.

"Mwaitu, naomba uniandikie maelezo mafupi," Kasiva alisema, akimwita kama mtu amwitavyo mama yake. "Jumamosi ulitoka saa ngapi, ukarudi saa ngapi."

Kalondu alieleza, Kasiva akaandika. Alitoka saa kumi na moja, akarudi saa tatu alipoitwa, akaambiwa mzee amekufa. Alikuwa na huzuni? Kasiva hakuuliza, lakini Kalondu alijibu.

"Alikuwa mtu mzuri kwa hii nyumba. Lakini nyumba ni yangu. Shamba la mama yangu kule Kalama ndilo liliuzwa tukajenga hapa. Benki ilidanganya mzee wangu. Mimi nilienda ofisi ya ardhi mara tano, kwa miguu, mpaka wakachukua zuio langu."

"Tia sahihi hapa."

Kalondu alinawa mikono kwanza, akaipangusa. Akaandika jina lake lote, herufi moja moja, akikandamiza kalamu, na kila herufi akaiangalia kabla ya kuanza inayofuata. Ilichukua muda. Kimeu alikuwa akitazama sakafu.

Kasiva alilaza nakala ya benki kando ya maelezo hayo. Chini yake palikuwa na sahihi ya haraka, mstari mmoja wenye mkia mrefu.

"Soma hii pia. Usiharakishe."

Midomo ya Kalondu ilikwenda na maneno. Alipofika mwisho alirudi juu, akaanza tena.

"Imeandikwa nimekubali nyumba iwekwe rehani."

"Ndiyo."

"Mimi sikukubali. Sikuulizwa." Aliweka kidole kwenye ule mkia. "Hii si mkono yangu."

"Sijui kama kuna mtu hapa anaujua."

Kalondu hakugeuka. Aliendelea kuitazama karatasi. Akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza habari za soko, "Baba Linet, uliniambia ni benki."

Kimeu aliongea akiwa amekaa, mikono magotini. Hakumwambia Kasiva, alimwambia mke wake, na mke alikuwa amempa mgongo.

"Nilidhani nitalipa kabla hujajua. Miaka miwili nilidhani hivyo. Huyo mzee akanipigia Ijumaa, akasema nikwambie. Nilijaribu. Ulikuwa umechoka, ukalala. Nilifunga koki ili apande, tuongee tukiwa wawili. Nilimwomba anipe hiyo karatasi. Nikamwambia atanimaliza. Akasema hapana, anionyeshe kitu nilichofanya. Akavaa miwani, akaanza kunisomea, pole pole, neno kwa neno. Nikaishika. Yeye pia akaishika. Tukavutana mpaka pale pasipo ukuta. Halafu ikabaki kwa mkono yangu."

"Hukumsukuma?" Kasiva aliuliza.

"Sikumsukuma. Alipoteleza niliachia yeye nikashika karatasi. Sijui kama hiyo ni kusukuma."

"Iko wapi?"

"Nilichoma kwa hii jiko. Nikafunga mlango, nikaenda Kangundo."

Kasiva aliandika yote. Alimsomea, akamuuliza kama ndivyo alivyosema, akajibu ndivyo. Kimeu alipopewa kalamu alisaini kwa mkupuo mmoja, na mkia ukatoka mrefu. Aliuona mwenyewe. Alirudisha kalamu, akanyoosha mikono kwa Muindi kabla hajaambiwa.

Kalondu alifungua sanduku chini ya kitanda, akatoa sweta ya kijivu, akampa Muindi. "Mchukulie. Huko kwenu kuna baridi."

Muindi alimtoa Kimeu nje. Ann na wapangaji wengine walikuwa wamesimama kwenye ngazi, na hakuna aliyemzomea. Geti lilifunguliwa, likafungwa.

Kasiva alikusanya karatasi zake. Alipaswa kumweleza Kalondu mambo kadhaa: kwamba atahitajika mahakamani, kwamba atafute wakili, kwamba mjane wa Masila naye ana haki yake, na kesi ya nyumba hii huenda ikawachosha wote wawili kwa miaka. Aliyaeleza. Kalondu alisikiliza akimenya jani la nje la kabeji.

"Na hiyo unaenda nayo?" aliuliza, akionyesha nakala ya benki.

"Ni ushahidi, mwaitu."

"Basi nitolee nakala nyingine."

"Ya nini? Ni ya uongo."

"Najua," Kalondu alisema. "Lakini risiti zote za kujenga zilikuwa za Baba Linet. Ramani ilikuwa ya yeye. Hata stima iko kwa jina lake. Ukitoa zuio nililopeleka mwenyewe, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza nimeona jina langu na hii nyumba pamoja."

Kasiva alisimama mlangoni na bahasha mkononi. Kisha akamwambia aje ofisini kesho asubuhi, mashine ya nakala huwashwa saa mbili.